Mwili Unaohukumiwa Bila Kusikilizwa

Kati ya mwaka 579 na 585 hivi, shemasi mmoja wa Roma aliyeitwa Gregori aliishi Konstantinopoli akiwa mjumbe wa Papa kwenye ikulu ya kaisari. Mwaka 590 yeye mwenyewe alichaguliwa kuwa Papa, na ndiye tunayemwita Gregori Mkuu. Huko Konstantinopoli alikuwa mgeni katika mji wa watu, na lugha ya wenyeji, Kigiriki, ikimpiga chenga. Hilo halikumzuia kubishana na kiongozi mkuu wa Kanisa la mji huo, Patriaki Eutychius, aliyekuwa ameandika kwamba siku ya ufufuko miili yetu haitashikika tena: itakuwa miepesi kuliko upepo na hewa.

Gregori alimjibu kwa Injili ya Luka, pale Yesu aliyefufuka anapowaambia wanafunzi wake: “Nishikeni-shikeni, mwone, kwa kuwa roho haina mwili na mifupa kama mnavyoniona mimi kuwa nayo.” Eutychius akasema Bwana alifanya hivyo ili kuwaondolea shaka wanafunzi, na baada ya hapo kila kilichoshikika ndani yake kikageuka kuwa chepesi. Gregori akastaajabu: jambo lililowaponya mitume shaka zao litupandikizie sisi shaka mpya? Kaisari Tiberius wa Pili aliwaita wote wawili faraghani, akawasikiliza, akaona kitabu cha Patriaki kinastahili kuchomwa moto. Muda si mrefu wote wawili waliugua. Gregori alipona, Eutychius akafariki mwaka 582. Katika maelezo yake marefu juu ya kitabu cha Ayubu, Gregori anasimulia kwamba jamaa zake waliokwenda kumjulia hali Patriaki walimwona akishika ngozi ya mkono wake mbele ya macho yao, akisema anakiri kuwa sote tutafufuka katika mwili huu.

Kisa hiki hakipatani na picha tuliyoizoea. Tumeambiwa kwamba Wakristo wa mwanzo wa Zama za Kati waliuchukia mwili, wakauona gereza la roho, wakasubiri kwa hamu siku ya kuuvua. Wanaoupinga Ukristo wanaipenda sana picha hiyo. Wahubiri wetu nao wanaipenda, bila kujua wanachokisema. Nimesikia mara nyingi makaburini: “Ndugu zangu, hapa limebaki ganda tu, mwenyewe ameshaondoka.” Jumapili inayofuata mhubiri yuleyule anasimama na waumini kukiri “ufufuko wa miili” ikiwa ni Mkatoliki, au “kiyama ya mwili” ikiwa ni Mwanglikana au Mlutheri. Maneno hayo mawili hayawezi kukaa nyumba moja. La makaburini lina asili yake kwa wanafalsafa wa Kigiriki na kwa madhehebu ambayo Kanisa la kale liliyakataa. La Jumapili ndilo la Kanisa lenyewe.

Ninachodai ni hiki: katika karne hizo, hasa kuanzia ya 5 hadi ya 8, kila mara Kanisa lilipokaa kitako kuamua rasmi juu ya mwili, liliutetea. Dharau ilikuwapo, tena si haba, ila iliingilia mlango wa nyuma: katika mashairi ya kutisha, katika vitabu vya malipizi ya dhambi, na katika kanuni za nani aruhusiwe kuingia kanisani. Na wa kwanza kuilipia gharama alikuwa mwanamke.

Augustino ndiye wa kuanza naye, kwa sababu watu wa magharibi walimsoma yeye kuliko mwalimu mwingine yeyote baada ya Biblia. Mwafrika huyu, aliyezaliwa Tagaste katika Algeria ya leo mwaka 354 na kufa akiwa askofu wa Hippo mwaka 430, alikuwa kwa miaka 9 msikilizaji wa Wamani. Hao walifundisha kwamba roho ni nuru iliyonaswa gizani, na giza hilo ni vitu vyote vinavyoshikika, mwili ukiwemo. Kwa hiyo alipokuja kuwapinga hakuwa anabahatisha. Katika kitabu cha 14 cha Mji wa Mungu anaandika jambo ambalo ningependa kila katekista alijue kwa moyo: si mwili wenye kuharibika ulioifanya roho itende dhambi, bali ni roho yenye dhambi iliyoufanya mwili uharibike. Anaongeza hoja ambayo sijaona mtu akiijibu. Shetani hana mwili. Halewi, hazini. Na bado ndiye kinara wa kiburi na wivu. Kama uovu ungetoka kwenye nyama, yeye angekuwa malaika safi mpaka leo.

Watu wanamkumbuka Augustino kwa ukali wake kuhusu tamaa ya ndoa, na ukali huo upo, siupunguzi hata kidogo. Lakini hata hapo mshtakiwa wake ni utashi wa mwanadamu uliovunjika, unaoamuru na hausikilizwi. Na mwaka 421 hivi, Paulino askofu wa Nola alipomwandikia kumuuliza kama marehemu anafaidika kuzikwa karibu na mtakatifu, Augustino alimjibu kwa upole wa mtu aliyewahi kuzika wapendwa wake. Mazishi, alisema, ni faraja kwa walio hai kuliko msaada kwa waliokufa. Hata hivyo mwili usitupwe hovyo, kwa maana kama watoto wanaithamini nguo ya baba yao au pete yake, je, mwili ambao ulikuwa karibu naye kuliko nguo yoyote? Mwili si pambo lililoongezwa kwa nje. Ni sehemu ya umbile la mtu mwenyewe.

Mabishano haya hayakubaki vitabuni. Mwaka 561 maaskofu walikutana Braga, kaskazini mwa Ureno ya leo, kuwakabili wafuasi wa Priscillian, mwalimu wa Hispania aliyehesabiwa kuwa mzushi, waliokuwa wamesambaa sehemu hizo. Wakamlaani yeyote anayesema kwamba mwili wa mwanadamu ni kazi ya shetani, anayekana ufufuko wa mwili, au anayefundisha kwamba roho zilitenda dhambi mbinguni kwanza ndipo zikatupwa ndani ya miili duniani. Kisha wakashuka mpaka jikoni. Mtumishi wa Kanisa asiyekula nyama, wakaamuru, alazimike kula walau mboga zilizopikwa pamoja na nyama, ili asishukiwe kuwa mmoja wao. Hebu fikiria sahani hiyo mbele ya padre wa kijijini, mboga zinang'aa mafuta ya nyama, na wenzake wanamtazama kama atameza au hatameza. Kufunga kulikuwa kwema, na wote walifunga. Kilichowatia wasiwasi ni kinyaa. Mtu anayekinaishwa na kiumbe cha Mungu, kwa fikra zao, alikuwa njiani kumkana Muumba.

Miaka 114 baadaye, mwaka 675, Mtaguso wa 11 wa Toledo nchini Hispania uliandika kanuni ya imani ambayo ingemfurahisha Gregori: hatutafufuka katika mwili wa hewa wala mwili mwingine wowote, kama wengine wanavyoweweseka, bali katika huuhuu ambao tunaishi nao, tunasimama nao na kutembea nao. Mashariki nako njia ilikuwa hiyohiyo. Kaisari Justiniani alikuwa ameshaipiga marufuku kwa amri ya mwaka 543 dhana iliyohusishwa na Origen, mwalimu wa Aleksandria wa karne ya 3, kwamba roho zilikuwapo kabla ya miili na zilivikwa miili kama adhabu. Maksimo Muungamadini akaja kuijengea hoja ya kina: roho na mwili vinaanza pamoja, hakuna kilichomtangulia mwenzake, kwa sababu kila kimoja ni sehemu ya mtu mmoja. Mzee huyo alikatwa ulimi na mkono wa kulia mwaka 662 kwa ajili ya ugomvi ulio jirani kabisa na huu, alipokataa kata kata kusema kwamba Kristo hakuwa na utashi wa kibinadamu.

Na roho je? Hapa ndipo msomaji wa leo anaposhangaa, maana sisi tumezoea kudhani kwamba neno roho linajieleza. Mnamo mwaka 470 hivi, Faustus, askofu wa Riez kusini mwa Ufaransa, alifundisha kwamba Mungu peke yake ndiye asiye na mwili wowote. Roho ya mwanadamu inakaa mahali fulani na haikai kwingine, imezingirwa na mipaka. Basi nayo ni aina ya mwili, ingawa mwembamba sana. Hakuwa mzushi wa pembeni. Kabla yake Yohane Kasiano, mwalimu mkubwa wa watawa, alishasema karibu hayohayo juu ya roho na malaika, na huko Karthago karne mbili na zaidi nyuma Tertuliano alitetea jambo hilo kwa nguvu zote. Padre Claudianus Mamertus wa Vienne alimjibu Faustus kwa vitabu vitatu, akithibitisha kwamba roho haina urefu, upana wala uzito.

Darasani Claudianus alishinda. Kwenye masimulizi yaliyosomwa mezani na kuhubiriwa kanisani, Faustus ndiye aliyeshinda. Katika kitabu chake cha Majadiliano, Gregori Mkuu anasimulia kwamba siku alipokufa Theodoric, mfalme wa Wagothi aliyetawala Italia, mwaka 526, mkaapweke mmoja wa visiwa vya Lipari aliiona roho ya mfalme ikipelekwa bila mkanda, bila viatu, mikono imefungwa, hadi ikatumbukizwa ndani ya shimo la volkeno. Roho yenye mikono ya kufungwa na miguu ya kuvua viatu! Shemasi Petro, anayezungumza na Gregori katika kitabu hicho, anamuuliza swali ambalo ungelitegemea: kitu kisicho na mwili kitaunguzwaje na moto wenye mwili? Jibu la Gregori ni fupi na, kwa maoni yangu, ni la akili kuliko linavyodhaniwa. Ikiwa roho isiyo na mwili inaweza kushikiliwa ndani ya mwili inaoupa uhai, kwa nini isiweze kushikiliwa na moto? Asiyeweza kueleza fumbo la kwanza, ambalo anaishi nalo kila siku, hana haki ya kulicheka la pili.

Hata hivyo simulizi linaloonyesha vizuri zaidi jinsi watu wa wakati ule walivyohisi ni la Fursey, mtawa wa Ireland aliyehamia Uingereza ya mashariki katika miaka ya 630. Beda analisimulia katika historia ya Kanisa la Waingereza aliyoimaliza mwaka 731. Fursey aliugua, roho yake ikatoka mwilini, malaika wakampitisha katikati ya mioto mikubwa. Pepo wakamkamata mmoja wa watu waliokuwa wakiungua, wakamrusha juu yake, akamgusa begani na tayani. Fursey akamtambua mtu yule: alipokufa, yeye Fursey aliwahi kupokea nguo yake. Malaika akamrudisha marehemu motoni, pepo akalalamika kwamba aliyepokea mali ya mwenye dhambi ashiriki na adhabu yake. Roho ya Fursey ikarudi mwilini. Na tangu siku hiyo mpaka kufa kwake, alama ya moto ilionekana wazi begani na tayani mwake. Beda anastaajabu jinsi kile roho ilichokipata sirini mwili ulivyokionyesha hadharani. Kisha anatuletea shahidi: mtawa mmoja mzee wa monasteri yake alisimuliwa na mtu mkweli aliyemwona Fursey akieleza maono yake wakati wa baridi kali ya barafu, amevaa nguo nyepesi, huku jasho likimtiririka kama katikati ya kiangazi.

Mtu anaweza kuamini kisa hiki au asikiamini. Kwa makala haya inatosha kuona kilivyojengwa. Anayesema mwili ni ganda hawezi kulisimulia. Kisa kinasimama tu pale ambapo roho na mwili vimeshonana kiasi kwamba kidonda cha kimoja kinachanika kwa mwenzake.

Ndani ya mantiki hiyo ndimo heshima kwa masalia ya watakatifu inapoeleweka. Mahali alipozikwa Martino wa Tours, aliyefariki mwaka 397, paliandikwa kwamba roho yake imo mkononi mwa Mungu, lakini yeye yupo hapa kabisa, amedhihirika kwa miujiza ya kila aina. Mtu mmoja, mahali pawili, bila kugawanyika. Gregori mwingine, askofu wa Tours kuanzia mwaka 573, alipougua kuhara damu karibu ya kufa alikunywa vumbi la kaburi hilo lililochanganywa na maji, na akasadiki kwamba ndilo lililomponya. Huko Lindisfarne, kaskazini mwa Uingereza, watawa walilifungua kaburi la askofu Cuthbert mwaka 698, miaka 11 baada ya kifo chake, wakikusudia kuiweka mifupa mikavu katika sanduku jepesi juu ya sakafu. Wakakuta mwili mzima, viungo vinakunjika, mtu kama amelala.

Siwezi kutetea yote yaliyofuata. Masalia yaliibwa, yaliuzwa, yalikatwakatwa, na wakuu waliyatumia kama mtaji. Gregori Mkuu mwenyewe alishaiona hatari hiyo: mwaka 594, mke wa kaisari, Konstantina, alipoomba apelekewe kichwa cha Mtume Paulo, Papa alimkatalia waziwazi, akamweleza kwamba Roma haina desturi ya kuigusa miili ya watakatifu, na kwamba kinachotolewa ni kitambaa kilichokaa karibu na kaburi. Lakini hata wezi wa masalia walikuwa wanashuhudia imani ileile. Hakuna anayeiba ganda.

Wala isidhaniwe kwamba kila mtu aliamini kirahisi. Huyo askofu wa Tours anasimulia ubishi wake na padre wa jimbo lake mwenyewe aliyekana ufufuko. Padre alishika maneno ya Mwanzo, “u mavumbi wewe, nawe mavumbini utarudi,” akauliza kama mifupa iliyokuwa majivu itapata uhai tena. Askofu hakumtisha wala hakumfukuza. Alikaa akabishana naye andiko kwa andiko, akimwambia kwamba hata kama mtu atasagika kuwa vumbi laini likapeperushwa na upepo juu ya nchi na bahari, si kazi ngumu kwa Mungu kulirudishia uhai. Swali la padre yule ni swali la karne zote, na linapendeza kwa uwazi wake.

Kuhusu mifungo na mikesha ya watawa nitasema kwa kifupi, kwa kuwa hapa ndipo picha ya chuki imejengwa kwa mifano michache ya kupindukia. Kanuni ya Benedikto, iliyoandikwa Italia katika nusu ya kwanza ya karne ya 6, inaagiza vyakula viwili vya kupikwa mezani ili asiyeweza kula kimoja ale kingine, mkate wa ratili moja kwa siku, na kipimo cha divai. Wagonjwa wahudumiwe kuliko wote, wapewe hata nyama mpaka wapate nguvu. Huo ni utaratibu wa mtu anayeujua mwili na kuuheshimu.

Aliyeliona tatizo kwa undani zaidi ni Yohane Klimako, abate wa mlima Sinai katika karne ya 7. Katika Ngazi yake, sura ya usafi wa moyo, anageuka na kuuzungumzia mwili wake kama mtu anayemlalamikia ndugu wa damu. Nikitaka kumfunga, anasema, ananiponyoka. Kabla sijamhukumu, tumeshapatana. Kabla sijamwadhibu, namwonea huruma. Nitamchukiaje ambaye kwa asili nampenda? Nitaachanaje naye ambaye nimefungwa naye milele? Nitamuuaje atakayefufuka pamoja nami? Ni msaidizi wangu na adui yangu, mlinzi wangu na msaliti wangu. Kisha anafanya jambo la haki ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: anauomba mwili ujieleze, na mwili unajibu. Unapewa nafasi ya kusema.

Sasa tuangalie upande wa pili. Katika vitabu viwili vya Kiingereza cha kale vya nusu ya pili ya karne ya 10, kimoja kikihifadhiwa Vercelli nchini Italia na kingine Exeter, kuna shairi ambamo roho iliyolaaniwa inaruhusiwa kurudi kaburini kila usiku wa saba, kwa miaka 300, kuushutumu mwili wake. Ulikula ukashiba nami nikiwa na njaa, ulikunywa divai nami nikikiona kiu. Mwili haujibu. Hauwezi: kichwa kimepasuka, viungo vimeachana, na ulimi umechanwa na funza vipande kumi. Funza wa kwanza ana jina, Gifer, maana yake Mlafi, na taya zake ni kali kuliko sindano. Yeye ndiye anayewafungulia wenzake njia. Kama kazi ya sanaa ni shairi lenye nguvu ya kutisha. Kama mafundisho limempa roho cheo cha mwendesha mashtaka, wakati kwa Augustino roho ndiyo mshtakiwa wa kwanza. Kitabu cha Vercelli peke yake kina sehemu ya pili, ambamo roho iliyobarikiwa inarudi kuushukuru mwili wake kwa mifungo yote na kuutumainisha kwamba wataungana tena. Sehemu hiyo haikunakiliwa katika kitabu cha Exeter. Watu walichagua cha kusikia.

Mahali ambapo uchaguzi huo uliumiza watu walio hai ni mlangoni pa kanisa. Mwaka 597 Augustino mwingine, mtawa wa Roma aliyetumwa na Gregori Mkuu, alifika Kent kuwahubiria Waingereza. Alimwandikia Papa maswali, na majibu ya mwaka 601 yamenakiliwa yote na Beda. Je, mjamzito abatizwe? Gregori anashangaa kwa nini asibatizwe, kwa kuwa uzazi si kosa mbele ya Mungu mwenyezi. Aliyejifungua akae siku ngapi kabla ya kuingia kanisani? Anaijua sheria ya Agano la Kale, anaisoma kama fumbo, kisha anasema kwamba hata akiingia saa ileile aliyojifungua kwenda kushukuru, hana dhambi yoyote. Na mwenye hedhi? Asizuiwe kuingia kanisani, wala asizuiwe kupokea komunio. Akijizuia mwenyewe kwa heshima, asifiwe. Akipokea, asihukumiwe.

Sababu anazotoa ndizo zenye uzito. Yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu aligusa upindo wa vazi la Bwana, akasifiwa kwa imani yake. Ikiwa yeye katika ugonjwa wake alithubutu na kupongezwa, kwa nini wengine wakataliwe kwa jambo ambalo linawajia kwa maumbile tu? Kisha anaiweka hedhi mahali pake: njaa, kiu, joto, baridi na uchovu vyote vinatokana na udhaifu wa maumbile yetu, na tunapotafuta chakula dhidi ya njaa au maji dhidi ya kiu tunatafuta dawa tu. Hedhi iko katika orodha hiyohiyo. Sisemi Gregori hakuwa na walakini. Katika majibu hayohayo anamtaka mume aliyelala na mkewe aoge na asubiri kidogo kabla ya kuingia kanisani, na anasita kusema kwamba raha ya ndoa haina doa lolote. Lakini kuhusu mwili wa mwanamke unaozaa na kutokwa damu, hakuyumba.

Haikupita hata karne moja. Theodoro wa Tarso, msomi wa Kigiriki aliyefika Canterbury kuwa askofu mkuu mwaka 669 na kufariki mwaka 690, aliacha hukumu ambazo wanafunzi wake walizikusanya katika kitabu cha malipizi. Humo tunasoma kwamba wanawake wakati wa hedhi wasiingie kanisani wala wasikomunike, watawa wa kike na walei kwa pamoja, na anayethubutu afunge majuma matatu. Aliyejifungua akiingia kabla ya siku 40 apewe adhabu hiyohiyo. Theodoro alikuwa mtu mwadilifu na mwalimu hodari, Beda anamsifu sana, na desturi ya siku 40 alikuja nayo kutoka mashariki alikolelewa. Lakini hoja ya Gregori hakuijibu. Aliipita tu, na kwa vizazi vingi makanisa mengi yalifuata nyayo zake.

Desturi hiyo haijatoweka. Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia bado linabatiza mtoto wa kiume siku ya 40 na wa kike siku ya 80, kwa hesabu ya Mambo ya Walawi. Hata katika makanisa yasiyo na kanuni ya namna hiyo, wapo akina mama walioniambia kwamba walikaa nyumbani na mtoto mchanga mpaka siku zitimie, au kwamba walibaki kwenye benchi wakati wa kukomunika kwa sababu ya hedhi, na hakuna aliyewaambia kwamba Papa alishawafungulia tangu mwaka 601. Wazee wa kanisa wakiulizwa sababu hutaja heshima ya mahali patakatifu. Gregori naye aliiheshimu altare, pengine kutuzidi. Basi atakayemrudisha mama huyo mlangoni amjibu Gregori kwanza: kama udhaifu wa maumbile unamfanya mtu asistahili kuingia, basi na waliokuja kanisani wakiwa na njaa, wenye kiu, na wale waliochoka kwa safari ya asubuhi, nao wabaki nje pamoja naye.